Kompyuta Iliyosema kwa Sauti Yako

4 Februari

Mwanangu Chiriku,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba baridi uliyoilalamikia imepungua. Sisi huku hatujambo. Mama yako anakula vizuri na usingizi anaupata. Upande wa kulia bado haumtii, lakini mkono wa kushoto una nguvu za kutosha kunifinya ninapochelewa kumletea chai.

Kompyuta uliyotuma imefika salama. Nakushukuru. Nimesoma kijitabu chake cha maelekezo kuanzia mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo fundi anasema hajawahi kuona mtu akilifanya. Nilimwambia kwamba miaka yote niliyokuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji nililipwa kusoma maneno ambayo wengine hawayasomi, na siwezi kuacha kwa sababu tu nimestaafu.

Lakini kifaa chenyewe hakina adabu. Nilipokiwasha kilinisalimu "Habari!" kana kwamba tulikua pamoja. Kikaniuliza jina langu na tarehe ya kuzaliwa, kisha kikataka kuuona uso wangu. Maswali nikajibu, uso nikakataa. Kila nikikifungua kinanieleza hali ya hewa, wakati dirisha ninalo, na kuniletea habari za ndoa za watu nisiowafahamu. Ile kompyuta ya zamani, pamoja na bawaba yake iliyovunjika na feni yake iliyokuwa ikikoroma, ilisubiri kuambiwa.

Fundi, yule ambaye wateja humwita Daktari ingawa wagonjwa wengi humfia mkononi, aliihamisha programu ya kumsemea mama yako kutoka ile ya zamani hadi hii mpya, kisha akaichukua ile ya zamani kwa ajili ya vipuri. Miraba yote ipo kama ulivyoipanga ulipokuja likizo, mama yako alipokuwa ametoka hospitali baada ya kiharusi, bila neno hata moja kinywani. Akigusa picha ya kitanda, unasikika wewe ukisema, "Nimechoka, nataka kulala." Akigusa dirisha, unasema, "Nifungulieni nipate hewa." Katika mashine hii sauti yako imekuwa safi zaidi. Shangazi yako alikuwa jikoni mara ya kwanza ilipotoka, akaja mbio na mwiko mkononi akiuliza, "Amefika saa ngapi?"

Sijui kwa nini ulirekodi mraba wa "Baba, punguza ukali." Nilikwambia wakati ule kwamba haufai. Mama yako anaugusa kila siku. Nakaripiwa na mwanangu kwa amri ya mke wangu.

Siku hizi anaomba maji mno. Anagusa kikombe, unaanza kusema, "Nina kiu, naomba maji," ninamletea bilauri, anaiweka mezani. Kabla sijakaa, anagusa tena. Nimemuuliza muuguzi, akapima, akasema si sukari.

Jambo la mwisho. Kila asubuhi mashine inanifungulia kibao cha kusema kwamba toleo jipya la mfumo wake liko tayari. Majibu ninayopewa ni mawili: "Sakinisha sasa" au "Nikumbushe baadaye". Jibu la "Sitaki" halipo. Nimelitafuta. Basi mimi hujibu "baadaye".

Na wewe, mbona hupigi simu? Tangu mwaka jana tunakusikia kwenye kompyuta tu. Wewe tuliyekuita Chiriku kwa sababu ulikuwa ukizungumza hata usingizini!

Baba yako

*

22 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi mno kupata barua yako. Nimeisoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi, sikuweza kungoja nifike chumbani. Mimi sijambo. Baridi ipo, nami ninayo makoti mawili ninayoyavaa kwa pamoja, kwa hiyo natembea kama kabati.

Samahani kwa simu. Kazini wamenibadilishia zamu. Unajua kazi ya kupokea simu za wateja ilivyo, mtu anazungumza tangu anaingia hadi anatoka, na mimi nikirudi nyumbani hata asante siwezi kuisema. Koo pia linanisumbua kidogo. Mafua tu, usimwambie Mama.

Nafurahi kwamba sauti imetoka vizuri. Baba, nakuomba jambo moja. Hicho kibao cha toleo jipya usikikubali kamwe. Bonyeza "baadaye" kila siku, hata kikikuomba kwa heshima. Programu ya Mama ni ya zamani, na walioitengeneza walishaacha kuitunza. Iache mashine kama ilivyo.

Tena mwambie fundi atutolee nakala ya sauti zile na kuziweka mahali pengine. Ni muhimu kwangu kuliko unavyodhani.

Mpe Mama maji yake, hata asipoyanywa.

Mwanao,
Chiriku

*

15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Pole kwa mafua. Kunywa kitu cha moto na ufunge shingo.

Sisi huku wazima wa mwili. Barua yako imefika, lakini imenikuta nimekwisha kufanya ulilonikataza.

Nitakueleza ilivyokuwa. Wewe unanijua. Kazini, mwandishi akiniuliza kurasa zake zitakuwa tayari lini, nami nikamjibu "baadaye", hiyo baadaye ilifika. Sasa nikajikuta kila asubuhi naiambia mashine baadaye, na kesho yake baadaye, kama mtu anayejificha nyuma ya mlango mgeni anapobisha. Nikaona haya. Ijumaa moja nilijiambia kwamba nimetoa ahadi mara nyingi mno bila kuitimiza, na kwamba uwongo hauwi halali kwa sababu tu anayedanganywa ana waya. Nikayasoma masharti yote. Mahali fulani palikuwa na sentensi kwamba baadhi ya programu za zamani huenda zisifanye kazi. Niliisoma, mwanangu. Nililiona hilo neno "huenda", nikalipita. Nikakubali.

Mama yako alikuwa akila. Kioo kikawa cheusi, vidoti vikazunguka mpaka sahani ikaondolewa na nikaosha vyombo. Kompyuta ilipoamka ilituonyesha picha ya milima na kutupongeza. Programu haikuwapo.

Nilimpelekea fundi ile mashine kwa miguu, nimeikumbatia. Akaikagua, akatikisa kichwa.

"Mzee, mfumo mpya hauitambui hii programu."

"Basi rudisha mfumo wa zamani."

Akajaribu. Mashine ikakwama katikati, ikafuta yote iliyokuwa nayo, ikaanza upya kuniuliza jina.

"Na sauti za mwanangu?"

"Zilikuwa mle mle ndani, mzee."

"Na ile kompyuta ya zamani?"

Akajikuna shingo. "Ile nilishaifuta, mzee, nikaiuza vipande vipande. Ndiyo utaratibu. Mambo ya mteja hayatakiwi kutoka hapa."

Sikuweza kumlaumu. Amefanya sawasawa. Hata mimi ningeifuta.

Ametuwekea programu nyingine yenye picha za namna ile ile. Anayesema ndani yake ni mwanamke fulani asiye na kwao, anayetamka "nina maumivu" kama anayesoma bei za sabuni. Mama yako aligusa kikombe. Alipoisikia hiyo sauti aliondoa mkono upesi. Kisha akainama, kwa taabu, akatazama nyuma ya kompyuta. Sijui alidhani umekwenda wapi.

Kosa ni langu na silikwepi. Lakini linarekebishika. Fundi anasema programu hii inapokea sauti ya mtu yeyote. Uliporekodi mara ya kwanza ilikuchukua alasiri mbili, hapa mezani, ukicheka nusu ya muda. Rekodi tena, ututumie. Mama yako anakungoja.

Baba yako

*

3 Aprili

Baba,

Shikamoo. Natumaini nyote hamjambo. Mimi naendelea.

Nimesoma barua yako. Usijilaumu, tafadhali. Nimemwandikia rafiki yangu mmoja anayejua mambo ya kompyuta kumuuliza kama sauti zinaweza kuokolewa. Amenijibu kwamba kwa jinsi fundi alivyoeleza, hazipo tena.

Kuhusu kurekodi upya, nipe muda kidogo. Kuna mambo huku. Nitakueleza.

Mwambie Mama nampenda. Mwambie wewe, kwa mdomo wako.

Mwanao

*

28 Aprili

Mwanangu,

Salamu. Natumaini u mzima, kwa kuwa barua yako haikusema. Haikuwa hata na jina lako mwishoni.

Mama yako si mgonjwa zaidi, lakini pia hazungumzi tena. Nasema "hazungumzi" kwa makusudi, kwa sababu kabla ya hapa alikuwa akizungumza. Tulikuwa tukibishana juu ya dirisha, juu ya chumvi, juu ya mimi kumsomea gazeti polepole mno. Sasa nikimwekea kompyuta mapajani anaisukuma. Akitaka kitu anatazama kitu chenyewe mpaka nikione. Nyumba imekuwa kimya hata nasikia jokofu likiwaka.

Tulijaribu sauti ya shangazi yako. Alijitolea mwenyewe, akavaa vizuri kana kwamba anapigwa picha. Nilimwandikia maneno, akakataa kuyasoma kama yalivyo. Penye "nina kiu" akasema, "Jamani, kiu itaniua humu ndani, hakuna mtu?" Nilimwambia afuate maandishi. Akaniambia, "Kaka, wifi yangu namjua kabla hujamjua wewe, asingesema hivyo unavyoandika." Tulirekodi yote. Mama yako alisikiliza mraba mmoja, akachukua kitambaa cha meza, akaifunika kompyuta gubigubi. Shangazi yako alicheka mpaka akakaa chini. Kisha nikamwona anajifuta macho.

Sasa nitakuuliza waziwazi, kwa kuwa kuzungukazunguka sikuwezi. Ni jambo gani huko linalokuzuia kukaa mbele ya simu yako na kusema maneno machache ya kumfaa mama yako? Mimi sikuombi nauli. Sikuombi uje. Naomba sauti. Kutwa nzima unawapa watu usiowajua, wanaokulalamikia mambo ya bima zao, nao wanaipata bila kusubiri. Huenda siku hizi sauti yako imepanda cheo, sisi wa nyumbani hatuimudu.

Nimeyasoma tena hayo maneno ya mwisho na nimeyaacha.

Baba yako

*

19 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Kaa kitako ndipo usome. Kama Mama yuko karibu, ondoka uende chumba kingine.

Mimi ni mzima wa kutosha kukuandikia. Nianze na hilo.

Koo halikuwa mafua. Mwaka jana sauti ilianza kukwaruza, nikadhani ni kazi. Kila mtu pale kazini anakwaruza. Tunakunywa maji ya asali na kutaniana kwamba tuna sauti za madereva wa malori. Wenzangu walipona, mimi sikupona. Nilipokwenda kupimwa walikuta uvimbe, na ulikuwa wa ule ugonjwa ambao watu hawapendi kuutaja. Walisema wanaweza kuniokoa, lakini kisanduku cha sauti lazima kitoke chote.

Ndiyo sababu nilituma kompyuta mpya upesi vile. Nilijua ile ya zamani inakufa, na nilijua mle ndani ndimo pekee nitakamobaki nikizungumza. Sikusema kwa sababu nilitaka Mama aendelee kunisikia kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilikuwa nimekwisha kupanga yote vizuri, Baba. Ningeshindwa kuzungumza huku, lakini huko ningekuwa bado nakukaripia kila siku.

Walinifanyia upasuaji mwishoni mwa Februari, siku chache baada ya kukuandikia. Barua yako kuhusu toleo jipya niliipata kitandani. Muuguzi aliniona ninavyolia akaja mbio kuuliza ni wapi panapouma. Sikuwa na namna ya kumjibu. Niliandika kwenye kibao, "Kompyuta." Akadhani nimechanganyikiwa.

Sasa napumua kupitia tundu dogo shingoni. Nikicheka hakitoki kitu. Nikikohoa, watu wanageuka. Kazini wamenihamishia upande wa kujibu wateja kwa maandishi, na msimamizi wangu ni mwema. Madaktari wanasema ipo mashine ya kuegemeza shingoni inayotoa sauti. Nimeisikia kwa mgonjwa mwingine. Mama angeifunika kitambaa.

Nilitafuta kila mahali, Baba. Nilikuwa mtu wa kupiga simu, sikuwa mtu wa kuacha ujumbe, na simu mliyo nayo nyumbani haiweki sauti. Video nilizopigwa na marafiki zina muziki na kelele, mimi nipo nyuma nacheka. Kisha nikakumbuka kwamba kazini hurekodi simu zote. Wamezifuta nyingi, lakini mwenzangu mmoja amenipatia moja. Nakutumia kwenye simu ya Shangazi. Ninazungumza na mteja mwenye hasira. Maneno si ya nyumbani, lakini ni mimi.

Usimwambie Mama. Naomba hilo tu. Laumu mashine. Sema fundi bado anashughulika. Najua hujawahi kusema uwongo, na najua ninalokuomba.

Na yale maneno ya mwisho wa barua yako nimeyasoma, na nayaelewa. Ningekuwa wewe ningeandika makali zaidi.

Mwanao,
Chiriku

*

9 Juni

Mwanangu Chiriku, mwanangu,

Marahaba. Marahaba mara nyingi.

Niliketi kama ulivyosema. Nilikaa hata shangazi yako akaja kunitafuta. Nikampa barua, akaisoma, akaikunja, akanirudishia. Kisha akatoka nje akaanza kufagia ua uliokwisha kufagiwa.

Kuhusu niliyokuandikia Aprili, kazi yangu ilikuwa kuondoa katika karatasi kila kisichostahili kubaki. Yale niliyasoma mara ya pili, nikayaacha. Sitaki unisamehe upesi.

Rekodi tuliipata. Nilimwekea mama yako, shangazi yako akiwa amemshika bega. Unasikika unamwambia mtu, "Nimekuelewa, ndugu mteja, naomba unipe dakika chache." Mama yako aliinua uso. Nilifurahi. Akasikiliza mpaka mwisho, nikamrudishia, akasikiliza tena. Kisha akatikisa kichwa na kunitazama kama anayenihurumia. Sauti ni yako, lakini hukuwa ukizungumza naye. Amelijua hilo upesi kuliko mimi.

Nimeelewa pia habari ya maji. Sikuwa naelewa, na muuguzi hakuelewa, na tulimpima sukari bure. Hakuwa na kiu. Ule mraba ndio ulikuwa mrefu kuliko yote. Ulikuwa umesema, "Nina kiu, naomba maji, tafadhali, mpenzi wangu," na ukacheka mwishoni, maana ulikuwa unanitania mimi. Alikuwa akiugusa akusikie unacheka. Mimi nilikuwa nakimbia na bilauri.

Uliloniomba nimelifanya. Mama yako alinyoosha kidole kwenye kompyuta, kama afanyavyo kila siku baada ya chai. Nikamwambia, "Fundi bado anashughulika. Amepata matumaini." Ulimi wangu haukukwama. Nimestaajabu jinsi uwongo ulivyotoka kwa urahisi. Kesho yake nikaongeza kwamba kuna kifaa kimeagizwa. Juzi nikasema kifaa kimechelewa bandarini. Shangazi yako alikuwa mlangoni, akaniambia baadaye, "Kaka, kumbe ungeweza kuwa mtu wa siasa."

Njoo. Usinunue kitu. Usilete mashine yoyote.

Baba yako

*

1 Julai

Baba yangu,

Shikamoo. Nimecheka kwa ajili ya bandari. Kicheko changu cha sasa ni mabega tu, lakini nimecheka.

Naja. Nimekwisha kuomba ruhusa kazini na wamenipa. Daktari anataka kunitazama mara moja zaidi, kuna mahali kidonda kinachelewa kufunga, kisha ataniandikia barua ya kusafiri. Natarajia kufika katikati ya Agosti.

Ninaogopa, Baba. Si safari. Naogopa kuingia mlangoni. Siku zote nilikuwa naanza kuzungumza nikiwa bado barabarani, Mama ananisikia kabla hajaniona. Safari hii nitaingia kimya, na atajua hapo hapo. Nimejaribu kufikiri nitafanya nini na uso wangu.

Mwambie Shangazi asipike kwa ajili ya watu kumi. Namjua. Bado nakula polepole.

Mweleze Mama kwamba fundi amesema ni Agosti.

Mwanao,
Chiriku

*

26 Agosti

Mwanangu Chiriku,

Salamu zangu zikufikie popote ulipolala leo. Nimeupata ujumbe wako kupitia simu ya shangazi yako. Ulifanya vyema kumtii daktari. Kidonda kilichofunguka upya hakipandi ndege, na mimi nisingependa kuzika wawili. Afya yangu ni nzuri. Nakula. Shangazi yako amehamia hapa kwa muda na ananisimamia mpaka sahani iwe tupu.

Mazishi ya mama yako yalikwenda kwa utulivu. Watu wengi walikuja. Wenzangu wa kiwandani walikuja, wale waliobaki. Hata fundi alikuja, akasimama nyuma, hakujua aweke wapi mikono yake.

Uliandika swali moja tu: kama alikusikia. Wewe ulikuwa upande wa pili wa simu, hukuona kitu. Mimi nilikuwapo. Kwa hiyo nitakuandikia nilichokiona, bila kuongeza wala kupunguza.

Kiharusi cha pili kilimpata Jumatatu, asubuhi. Muuguzi alitwambia tusimhamishe, kwamba ni suala la saa chache. Jumanne mchana shangazi yako alichanganyikiwa, akachukua simu yake akakupigia. Katika hofu alisahau kabisa kwamba huwezi kujibu. Ukapokea. Nikamsikia anaita, "Haloo? Haloo? Chiriku, sema!" Kisha akakumbuka. Akaziba mdomo, akanipa simu kana kwamba imemwunguza.

Niliisikiliza. Nilisikia pumzi yako. Ilikuwa na mluzi mdogo ndani yake, nikajua kwamba umeisogeza simu shingoni. Nilikuwa na sentensi kadhaa tayari, zote zilikuwa sahihi, zote hazikufaa. Nikaenda kitandani nikaiweka simu juu ya mto, sikioni kwa mama yako.

Nilikuwa nimekusudia kumweleza kwamba ni wewe, na kwamba simu ni mbovu. Uwongo ule ule, kwa kuwa nilikuwa nimeuzoea. Sikuwahi kuusema. Macho yake yalikuwa yamefumbwa tangu usiku, akayafumbua. Mkono wa kushoto ukapanda, ukaishika simu pamoja na vidole vyangu. Nikavichomoa vidole vyangu kimoja kimoja, akabaki ameishika yeye.

Alisikiliza. Uso wake ulikuwa kama wa mtu anayesimuliwa jambo refu. Mara moja alipandisha nyusi, vile alivyokuwa akifanya ulipokuwa ukimletea umbea wa shuleni. Kisha yeye naye akavuta pumzi, akaitoa polepole kwenye simu, na akangoja. Wewe ukajibu. Nilisikia mluzi. Akavuta nyingine.

Nilikaa hapo kidogo. Kisha nikaona kwamba sina kazi pale. Katika watu watatu tuliokuwa tukisikilizana, mwenye sauti nilikuwa mimi peke yangu, na sikuwa na cha kusahihisha.

Unaniuliza kama alikusikia. Mwanangu, nilinyanyuka nikamwashiria shangazi yako atoke. Nami nikatoka nyuma yake, nikaufunga mlango taratibu, kwa sababu mlikuwa mnazungumza.

Baba yako